Mtoto wa Gredi ya 7 hadi 9 hapa kisiwani: nani anamwangalia, na ukwame wapi uende

Wazazi wenzangu wa Kibokoni na Kuze wameniuliza maswali yale yale tangu watoto wao waingie sekondari msingi, ile tunayoiita JSS. Mwalimu wa kumwendea ni yupi? Mtoto akipigwa, nishtaki wapi? Akitoroka shule? Na likitokea lile ambalo hakuna mzazi anayetaka kulitaja, nianzie wapi? Nimeonelea nikusanye majibu mahali pamoja, ili mtu ayapate siku anapoyahitaji.

Sekondari iliyo ndani ya msingi

Mfumo wa zamani wa 8-4-4 ulimtoa mtoto shule ya msingi akiwa darasa la nane. Mfumo mpya wa CBC una miaka sita ya msingi, mitatu ya sekondari msingi na mitatu ya sekondari ya juu. Kundi la kwanza liliingia Gredi ya 7 mwanzoni mwa 2023. Mwezi Disemba 2022, jopo lililoundwa na Rais kuangalia elimu lilipendekeza madarasa hayo yawekwe katika shule za msingi, na hivyo ndivyo ilivyokuwa. Basi kijana wa miaka 14 anaingia lango lile lile analoingia mtoto wa chekechea.

Shule ina mwalimu mkuu mmoja, na yeye ndiye mwenye dhamana juu ya mtoto wako. Lakini sekondari msingi ina walimu wake, na kila somo lina mwalimu wake. Yule mwalimu mmoja wa darasa aliyekuwa na mtoto asubuhi hadi jioni, aliyejua kuwa leo hakunywa chai, hayupo tena. Mtoto anapita mikononi mwa walimu wengi kwa siku moja. Kisha anaingia chuoni kwa maalim, wengine huenda tuisheni, halafu nyumbani. Kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayemjua.

Kwa hivyo jambo la kwanza ni dogo: mjue mwalimu wa darasa wa mtoto wako kwa jina, na yeye awe na nambari yako ya simu. Usingoje siku ya kuitwa.

Saa zisizo na mwenyewe

Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinasema masomo ya shule za kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa unusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Baada ya hapo, hadi saa kumi na moja kasorobo, ni wakati wa michezo na vyama. Sisi wa Mji wa Kale tuna chuo pia, na kati ya kengele ya shule na kuingia chuoni kuna mwanya. Mwanya mwingine ni kati ya kutoka chuoni na kufika nyumbani baada ya maghrib.

Kwa ninayoyasikia mitaani, mambo mengi huanzia katika mianya hii. Hapo ndipo mtoto anapokutana na muguka, bangi, na wakubwa wanaomtuma "peleka hiki pale" kwa shilingi hamsini. Muguka peke yake ulitikisa kaunti nzima Mei 2024, gavana Abdulswamad Nassir alipoupiga marufuku kwa kutaja madhara yake kwa vijana na watoto, na mahakama ya Embu ikasimamisha amri hiyo siku chache baadaye. Wanasheria waache wabishane. Kazi ya mzazi ni kumuuliza maalim wa chuo: mwanangu hufika saa ngapi? Na kumuuliza mwalimu wa shule: hutoka saa ngapi? Saa hizo mbili zisipolingana, umepata pa kuanzia.

Ikiwa tayari ameshaanza kutumia, usimfungie chumbani na usimpeleke bara kwa ami yake ukadhani yamekwisha. NACADA ina nambari ya bure, 1192, unayoweza kupiga ukapata ushauri. Hapa kwetu MEWA na Reachout ni majina yanayojulikana kwa kazi ya kuwasaidia waliozama katika dawa za kulevya.

Kiboko shuleni na chuoni

Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kupigwa au kunyanyaswa kiakili. Anayevunja anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000 au kufungwa hadi miezi sita, au yote mawili. Kwa chuo, watu husema sheria ya shule haiwahusu. Katiba inawahusu: kifungu cha 53 kinamkinga kila mtoto na ukatili na adhabu isiyo ya utu, mahali popote alipo.

Ukiona alama mwilini, piga picha, mpeleke mtoto hospitali, kisha mwone mwalimu mkuu na uandike barua. Usipojibiwa, panda kwa bodi ya usimamizi ya shule, kisha ofisi ya TSC ya kaunti kwa mwalimu aliyeajiriwa na serikali. Wakati wote huo Idara ya Huduma za Watoto iko wazi kwako.

Mtoto akinajisiwa: saa 72

Hapa naomba msomaji asome polepole.

Sisi watu wa pwani tunathamini sitara, na ni tabia njema. Lakini sitara ya mtoto ni kumtibu na kumlinda. Kikao cha wazee cha kupatanisha familia mbili, na mtu yule yule akabaki mtaani, kinamsitiri mkosaji. Na wakati kikao kinaendelea, saa zinakwenda.

Dawa ya kuzuia virusi vya Ukimwi ni lazima ianze kabla ya saa 72 kupita, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Dawa ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120. Kwa hivyo:

1. Nenda hospitali kwanza. Hapa kisiwani, Hospitali Kuu ya Pwani ina kituo cha kuwahudumia waliodhulumiwa kijinsia. Huna haja ya kungoja karatasi ya polisi ndipo mtoto atibiwe.
2. Usimwogeshe. Nguo alizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, uende nazo. Zikiloa unyevu ndani ya plastiki, ushahidi huharibika.
3. Ripoti polisi, upewe nambari ya OB na fomu ya P3. Fomu hiyo haina malipo. Ukiambiwa ulipe, kataa na umwone mkuu wa kituo.
4. Piga 116, simu ya watoto ya bure, usiku na mchana. Mtoto mwenyewe anaweza kupiga. Kwa dhuluma za kijinsia kuna pia 1195.

Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 inaweka kifungo kisichopungua miaka 20 kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15, na huo ndio umri wa watoto wa sekondari msingi. Wavulana wamo humo humo. Wao hunyamaza zaidi kwa kuona haya, kwa hivyo usidhani wako salama. Tena kesi ikishafunguliwa, kuisimamisha si amri ya familia wala ya chifu. Ni ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Mwalimu naye ana wajibu. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 unamtaka mwalimu anayejua au kushuku mwanafunzi amedhulumiwa kingono aripoti ndani ya saa 24. Mwalimu akikwambia "tulimalize hapa hapa", mkumbushe waraka huo.

Msichana aliyepata mimba

Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa 2020 unampa haki ya kurudi darasani baada ya kujifungua, katika shule ile ile au nyingine. Kumuoza si suluhisho, na chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Mkono wa mzazi unahitajika zaidi wakati huu, maana mitaa yetu ni finyu na maneno husafiri haraka.

Kwa nini utoro wa Gredi ya 7 una gharama

Wazazi wengi tulizoea kuwa mtihani wa mwisho ndio unaoamua yote. Siku hizi sivyo. Alama za kumpeleka mtoto Gredi ya 10 zinatoka sehemu tatu: asilimia 20 ni mtihani wa KPSEA wa Gredi ya 6, asilimia 20 ni kazi za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ni KJSEA ya Gredi ya 9. Kundi la kwanza lilipitia njia hiyo mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto anayekosa shule siku mbili kila wiki akiwa Gredi ya 7 ameshaanza kupoteza alama, na hakuna atakayekuja kumwambia.

Serikali hutenga shilingi 15,042 kwa kila mwanafunzi wa sekondari msingi wa shule ya umma kwa mwaka. Mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu ya karo. Ikiwa shida ni sare au nauli, sema mapema kwa mwalimu mkuu, na uulize ofisi ya wadi yako kuhusu basari; kisiwa chote kiko katika eneobunge la Mvita. Sheria ya Elimu ilirekebishwa 2017 ili serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo, kwa hivyo msichana asikae nyumbani kwa sababu ya hedhi. Mzazi ana haki ya kuuliza zimefika lini na zimegawiwa vipi.

La kufanya wiki hii

Chukua karatasi, andika jina na simu ya mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, maalim wa chuo na jirani mmoja unayemwamini. Chini yake andika 116, 1195 na 1192. Bandika jikoni, mahali ambapo mtoto naye ataiona. Kisha mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba akija kwako na jambo lolote zito, hutampiga wala hutamwita mwongo kabla hujamsikiliza hadi mwisho.