Reli ya Arusha na Haki ya Kusikilizwa

Katika mila za wakazi wa Mlima Meru, jambo lililowagusa wengi halikuamuliwa na mtu mmoja. Wameru walikuwa na washili, yaani viongozi wa koo. Waarusha walikuwa na malaigwanani, wasemaji wa marika. Watu walikusanyika, kila upande ukasema, na uamuzi ukatoka baada ya wote kusikilizwa. Twaanza na desturi hiyo kwa kuwa habari yetu, ingawa ni ya reli, kwa hakika ni habari ya kusikilizwa.

Ujenzi wa reli ulianza Tanga mwaka 1893, enzi ya Wajerumani. Njia ilipita kandokando ya milima ya Usambara na Upare, ikafika Moshi mwaka 1911. Arusha ilingoja hadi mwaka 1929, chini ya Waingereza. Wakoloni hawakuijenga kwa mapenzi yao kwetu. Walitaka mkonge na kahawa vifike bandarini. Lakini wananchi waliifanya kuwa yao: mkulima alisafirisha mazao, mwanafunzi alikwenda shuleni, na stesheni ikawa soko.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilivunjika, na Shirika la Reli la Jumuiya likavunjika pamoja nayo. Tanzania ikaunda shirika lake mwaka huohuo. Mpaka wa Kenya ulifungwa, na njia ya kwenda Voi kupitia Taveta ikakatika. Malori na mabasi yakazidi kuchukua mizigo na abiria, nayo reli ikadhoofika. Treni za abiria zilikoma, kisha za mizigo zikakoma pia. Nyasi zikaota katikati ya mataruma.

Hapa ndipo penye fundisho. Reli yaweza kufa bila hukumu yoyote kutolewa. Safari hupunguzwa, matengenezo huahirishwa, abiria hukata tamaa. Halafu yasemwa kwamba abiria hawapo. Sisi tuliotumikia Serikali twajua jinsi jalada linavyohesabu tani na shilingi. Halimhesabu mama mwenye mkungu wa ndizi aliyeshindwa nauli ya basi. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mataifa mengine yaliliona tatizo hili mapema. Nchini Marekani, tangu sheria ya mwaka 1920, kampuni ya reli haiwezi kuacha njia bila idhini ya chombo cha taifa. Siku hizi tangazo la kusudio hilo hubandikwa katika stesheni zinazohusika na kuchapishwa magazetini kwa wiki 3 mfululizo, ili wenyeji wapate kupinga. Nchini Uingereza, sheria ya mwaka 1962 iliwapa watumiaji wa reli wiki 6 za kuandika pingamizi, na kamati ilimweleza Waziri taabu ambayo wangeipata. Ni kweli kwamba mara nyingi njia zilifungwa hata hivyo. Lakini aliyeshindwa alikuwa amesema, na sababu ziliandikwa.

Haki hiyo si ngeni kwetu. Mwezi Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha kwa nguvu Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi yao wapewe walowezi. Wameru walichanga fedha zao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akaeleza kilio chao. Ardhi haikurudishwa papo hapo. Hata hivyo dunia ilisikia, na sauti hiyo ikaongeza nguvu katika harakati za uhuru. Watu waliovuka bahari kutafuta pa kusemea hawastahili kukosa pa kusemea nyumbani kwao.

Mwezi Oktoba 2020 treni ya abiria iliingia tena Arusha baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka 20. Umati ulioilaki ulikuwa ushahidi tosha: haja haikufa, bali haikuulizwa. Tena, mwaka 2022 wadau waliitwa kutoa maoni juu ya nauli za reli mpya ya kisasa. Basi, ikiwa bei ya tiketi hujadiliwa hadharani, je, uhai wa njia yenyewe usijadiliwe?

Twaona yafaa yawepo mambo manne kabla ya njia kuachwa: tangazo la mapema kwa Kiswahili katika kila stesheni, hesabu za faida na hasara zilizo wazi, baraza mahali wanapokaa watumiaji, si makao makuu peke yake, na jibu la maandishi kwa kila hoja. Wanafunzi nao waende wakawaulize wazee wanaoikumbuka treni ya zamani, wayaandike wayasikiayo. Wahenga walisema, penye wengi hapaharibiki neno. Reli ikiachwa baada ya baraza, wananchi watahuzunika; ikiachwa kimyakimya, watakuwa wamedharauliwa.