Difu ya Nyuma: Vijana Wasio na Majina Walioibeba Hotrodi

Ukikutana na picha ya hotrodi mtandaoni, macho yanakimbilia wapi kwanza? Kwenye injini. Ile midude ya kromu inayong'aa kama kioo cha saluni ndiyo inayokula like zote. Hakuna anayeinama kuchungulia chini kule nyuma. Na kumbe stori yenyewe iko huko huko chini.

Kwa wasioijua, hotrodi ni gari la zamani, mara nyingi Ford ya kati ya 1928 na 1934, lililovuliwa kila kisicho na kazi ili liwe jepesi, halafu likapewa nguvu kuliko lile lililotoka nalo kiwandani. Mchezo huu ulikolea kusini mwa California, Marekani. Mwaka 1937 klabu za vijana ziliungana na kuunda chama cha kusimamia mbio. Januari 1948 jarida la Hot Rod likaingia mtaani. Waanzilishi wa vitu hivyo wana majina na picha ukutani. Wanaozungumziwa leo hawana. Ni wale waliolala chali chini ya gari, mafuta ya difu yakiwadondokea usoni, wakijaribu kujibu swali moja: hii nguvu yote itafikaje kwenye tairi bila kitu kukatika?

Ford ilivyotoka kiwandani

Ford Model A ya 1928 ilikuwa na nguvu ya farasi 40. Unaambiwa 40 tu, bodaboda chache ukizijumlisha unafika. Difu yake ilitengenezwa kwa nguvu hiyo hiyo. Uwiano wake ulikuwa 3.78, maana yake propela inazunguka mara 3.78 ndipo tairi lizunguke mara moja.

Mwaka 1932 Ford wakaja na V8 ya farasi 65, gari la bei ya mtu wa kawaida lenye silinda nane. Vijana wakachanganyikiwa. Ila kule nyuma muundo ulibaki wa ukoo ule ule. Propela ilikuwa imefichwa ndani ya bomba nene lililofungwa kwenye difu. Springi ilikuwa moja tu, imelala kukatisha upana wa gari. Na mwisho wa kila shafti ulikuwa umechongwa kama koni, habu ya tairi inabanwa pale kwa nati moja na kipande kidogo cha chuma cha kuzuia isizunguke bure.

Hapo ndipo hatari ilipojificha. Shafti ile haikuwa inazungusha tairi tu, ndiyo pia iliyokuwa inalishikilia lisitoke. Shafti ikikatika kwa nje, tairi linaweza kuondoka zake na habu yake, na wewe bado umo ndani ya gari.

Ziwa kavu lilikuwa na huruma

Mwanzoni difu zile zilivumilia. Sababu ni uwanja. Vijana walikimbizana kwenye maziwa yaliyokauka jangwani, kama Muroc na baadaye El Mirage. Huko dereva anaanza taratibu, anajenga spidi kwenye udongo mgumu tambarare, halafu anapita eneo la kupimwa akiwa tayari yuko kasi. Difu inapokea mzigo kidogo kidogo, kama mtu anayenyanyua gunia kwa kupiga magoti kwanza.

Kwa hiyo hoja yao kubwa wakati huo ilikuwa uwiano. Chukua mfano wa tairi la kimo cha inchi 28, gari likiwa gia ya juu isiyobadilisha mzunguko, kwenye spidi ya karibu kilomita 97 kwa saa. Ukiwa na difu ya 4.11, injini inazunguka takriban mara 2,960 kwa dakika. Ukiweka ya 3.50, inashuka mpaka 2,520 hivi. Kwenye ziwa unataka namba ndogo, ukimbie sana bila injini kupiga kelele za kufa. Mtaani, kwenye mataa, unataka namba kubwa ili uchomoke. Gari ni moja, difu ni moja. Mtihani huo.

Na kubadilisha gia za difu ile ya zamani haikuwa kazi ya jioni moja. Ilibidi ushushe sehemu yote ya nyuma, springi, bomba na kila kitu, ndipo uipasue.

Baada ya vita ikaja dawa. Difu za Halibrand, zilizotengenezwa kwa magnesiamu ili ziwe nyepesi, zilikuwa na kifuniko kwa nyuma. Unafungua, unachomoa gia mbili, unaweka nyingine mbili, umebadilisha uwiano kwa dakika chache gari likiwa limesimama pale pale. Mwenye nayo alikuwa mfalme. Ila bei yake haikuwa ya kila mtoto wa mtaani.

Halafu mchezo ukahamia kwenye lami

Vita vya Pili vya Dunia vilipoisha mwaka 1945, vijana walirudi nyumbani. Wengi walikuwa wameshika spana za jeshi, wamejifunza kuchomelea na kurekebisha mashine ambazo zamani wangeziona kwa mbali. Mwaka 1950 mbio za kuanzia sifuri zikafunguliwa kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana. Hakuna tena kujenga spidi pole pole. Gari limesimama, injini inanguruma, mguu unaachia klachi kwa ghafla.

Ule mshtuko wa sekunde ya kwanza ndio ulioziua difu za zamani. Gia ya kwanza inazidisha nguvu ya injini, difu inaizidisha tena, na yote inaishia kwenye shafti nyembamba iliyochorwa kwa ajili ya mkulima na trei yake ya mayai. Shafti zikajisokota. Vipande vya kuzuia habu vikakatwa kama karanga. Na kadiri tairi zilivyozidi kuwa pana na kung'ang'ania lami, ndivyo difu ilivyozidi kuumia, maana tairi likikataa kuteleza lazima kitu kingine kikubali.

Mwaka 1955 Chevrolet wakamwaga petroli kwenye moto. V8 yao mpya ilikuwa ndogo, nyepesi, na ukiipata yenye kabureta kubwa ilitoa farasi 180. Kutoka 40 mpaka 180! Kijana anaitoa kwenye gari lililopata ajali, anaitumbukiza ndani ya Ford ya babu yake, anawasha, mtaa mzima unatoka nje. Wiki ya kwanza shangwe. Wiki ya pili anatembea kwa miguu.

Jibu lilikuwa skrepa

Kijana huyu hakuwa na hela ya difu ya mashindano. Alichokuwa nacho ni geti la skrepa na futi ya kupimia. Waliowahi kuzunguka Gerezani pale Dar au Grogan kule Nairobi wanaujua huu mchezo: unatafuta kitu kilichotengenezwa kwa kazi nyingine, unajiuliza kama kitakubali kazi yako.

Mwaka 1957 Ford walianza kufunga difu ambayo mafundi waliiita inchi tisa, kwa kipimo cha krauni yake. Waliendelea nayo mpaka 1986, kwenye magari ya familia na pikapu. Sifa yake ni mbili. Kwanza pinioni yake imeshikwa na beringi mbele na nyuma, kwa hiyo haipindi kirahisi mzigo ukija. Pili, unachomoa shafti, unafungua nati kumi, moyo wote wa difu unatoka kwa mbele. Unaweza kuwa na mioyo miwili gereji, mmoja wa mtaani na mmoja wa mashindano. Lile jambo la Halibrand limeshuka bei mpaka kwa mtu wa skrepa.

Basi ikawa kila mtu anaitaka, hata wenye injini za Chevrolet. Ni kama shabiki wa Yanga kuvaa soksi za Simba kwa sababu ndizo zisizotoboka. Maneno yapo, lakini soksi havui.

Ila kuipata ni nusu ya safari. Hapa ndipo wengi walipoumia.

Cha kwanza ni upana. Ford ya zamani ilikuwa na inchi 56 tu kati ya tairi na tairi. Difu ya gari kubwa la familia ukiifunga hivi hivi, tairi zinatoka nje ya madigadi kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Cha pili ni boliti za rimu. Rimu za Ford za zamani zilikuwa na boliti tano kwenye duara la inchi 5.5. Difu za pikapu za Ford zililingana nazo, za magari madogo zilikuwa inchi 4.5. Aliyejua hili alikwenda moja kwa moja kwenye pikapu. Asiyejua alirudi skrepa mara ya pili.

Upana ukizidi, unakata. Unafupisha nyumba ya difu, unafupisha shafti na kuichonga meno upya, halafu unachomelea ncha zirudi. Moto wa kuchomelea unapinda chuma. Ndiyo maana wenye akili walipitisha mtaimbo ulionyooka katikati ya nyumba nzima kabla ya kuweka moto. Waliokadiria kwa jicho walikula beringi.

Kufunga ndiko kulikotenganisha wanaume na wavulana

Lile bomba la Ford la zamani lilikuwa na kazi ya siri: lilizuia difu isijizungushe yenyewe na lilisukuma gari mbele. Difu mpya inatumia propela ya wazi, haina bomba. Ukiliondoa bila kuweka mikono ya chuma au springi mbili za kuishikilia, ukikanyaga mafuta difu inanyanyua pua na kupinda kila kilicho karibu.

Kosa lingine lilikuwa haraka. Mtu anachomelea vishikio vya springi gari likiwa tupu, injini bado iko sakafuni. Akiirudisha, gari linashuka na pembe ya pinioni inabadilika. Pinioni na shafti ya nyuma ya giaboksi zinatakiwa zielekee sambamba, la sivyo krosi za propela zinapigana na gari zima linatetemeka. Waliotulia waliweka uzito wote kwanza, matairi chini, wakashika kwa nukta chache za moto, wakapima, ndipo wakachomelea kabisa. Propela nayo ikaachiwa nafasi ya kama inchi moja kule mbele, maana difu ikipanda kwenye tuta inasukuma kuelekea giaboksi.

Hakuna aliyepiga picha kazi hiyo. Gari likishinda, jina ni la dereva na sifa ni za injini. Difu ikitajwa, ujue imekatika.

Leo viwanda vinatengeneza inchi tisa mpya kabisa, nyingine hazina hata nati moja iliyotoka Ford. Mteja anajaza upana anaoutaka, duara la boliti, uwiano, inaletwa nyumbani kwenye boksi. Kila swali kwenye fomu ile lilishajibiwa zamani na kijana fulani asiye na jina, kwa msumeno, kwa gari lililokataa kwenda, na kwa wengine kwa tairi lililowapita barabarani wakiwa bado wameshika usukani.

Haya wadau, swali liko kwenu: ungekuwa na hela ya kitu kimoja tu, ungeanza na injini ya kutambia au difu isiyoonekana? Dondosha jibu lako hapo chini.