NYUMBA YA MIAKA 600 ILIYOFUNGULIWA KAMA KITANDA KUPISHA BWAWA

Mtu akihama, kitanda kinafunguliwa, mbao zinafungwa kamba, kinaenda kuungwa upya kwingine. Sasa vuta picha nyumba nzima ya shambani, tena ya ghorofa, imefanyiwa hivyo hivyo. Inaitwa Bayleaf, iko Uingereza.

Ilijengwa Chiddingstone, mkoa wa Kent, mwanzoni mwa miaka ya 1400, kisha ikaongezwa upande mmoja kama miaka 100 baadaye. Mafundi wake historia haikuwaandika majina, ila kazi yao inaongea.

Mifupa ya nyumba ni mti wa mwaloni. Enzi hizo mwaloni ulichongwa ukiwa mbichi, maana ukikauka unakuwa mgumu balaa. Ncha ya mbao moja iliingia kwenye tundu la nyingine, kigingi cha mti kikapigwa hapo, kwisha habari. Kuta ni fito zilizokandikwa udongo. Hazibebi kitu, kazi yao kuzuia upepo tu. Paa lote limebebwa na nguzo.

Katikati kuna ukumbi ulio wazi mpaka kwenye paa. Moto uliwashwa pale pale sakafuni, bomba la moshi hakuna, moshi ujitafutie njia. Madirisha hayakuwa na vioo. Ghorofa ziko ncha mbili za nyumba, na vyumba vya juu vimechomoza mbele kidogo. Hayo ndiyo yalikuwa maisha ya mkulima mwenye nazo!

Mwishoni mwa miaka ya 1960 ikaja habari mbaya: bwawa la maji la Bough Beech linajengwa, nyumba ipishe mradi. Ingekuwa ya tofali, tingatinga lingemaliza kazi. Hii ilifunguliwa maungio, mbao zikasafirishwa hadi Singleton, Sussex, kwenye makumbusho ya majengo ya kale ya Weald and Downland. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikawa imesimama tena, na vitu vilivyoongezwa baadaye vikatolewa ili ukumbi urudi wazi kama zamani.

Kwa hiyo kilichoiokoa ni kile kigingi cha fundi asiyejulikana. Nyumba ikapona, bonde lake likafunikwa na maji.

Swali kwa wadau: ikishang'olewa kwao, hiyo bado ni nyumba ile ile, au ni mbao za zamani tu? Tiririka hapo chini.