Nani Mwenyeji?

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliwaambia Wabarbaig wa Hanang kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji. Hebu soma tena, mwenzangu. Wafugaji ambao makaburi ya wazee wao yalilimwa na matrekta ili NAFCO ipande ngano! Kijiji cha Mulbadaw na wanakijiji 67 walikuwa wameshinda Mahakama Kuu, lakini Sheria ya Ardhi ya mkoloni, ya 1923, ilimtaka mwenye haki ya kimila awe "mwenyeji", na wao, ikasemekana, ushahidi wa hilo hawakuuleta.

Nilipoisikia kesi hii mara ya kwanza nilicheka. Kisha nikaona aibu.

Kati ya walioichambua ni Issa Shivji, mzaliwa wa Kilosa, aliyefundisha sheria Mlimani tangu 1970 hadi 2006. Wengi tunamjua kwa vitabu vyake vya matabaka. Mimi hunivuta zaidi kazi aliyopewa na Rais Mwinyi Januari 1991: uenyekiti wa Tume ya Ardhi. Angeweza kujifungia Dar na mafaili, nani angemwuliza? Tume ikawafuata watu: mikutano ya hadhara 277, waliohudhuria kama 83,000. Profesa aliyezoea kusikilizwa darasani, sasa zamu yake kusikiliza.

Ripoti ilitoka Novemba 1992, na haikung'ata maneno. Umiliki wa mwisho wa ardhi utoke kwa Rais. Ardhi ya kijiji iwe ya mkutano mkuu wa kijiji. Migogoro ianzie kwa Baraza la Wazee, palepale, bila wakili wala nauli ya Arusha. (Kwa mtu wa Hanang nauli peke yake ni kesi nyingine.)

Serikali ikaukataa msumari wenyewe. Sera ya 1995 na sheria mbili za 1999, Na. 4 na Na. 5, zikaiacha ardhi yote kwa Rais, kama mdhamini wa wananchi. Shivji hakunyamaza, tayari 1994 yeye na wenzake walikuwa wameanzisha HakiArdhi.

Wapo wanaosema alishindwa. Sikubali kirahisi hivyo. Sheria Na. 5 inasema haki ya kimila ina hadhi sawa na hati ya serikali. Mfugaji haulizwi tena kama ni mwenyeji. Anaulizwa cheti cha ardhi ya kijiji kiko wapi.