Akiba Haiozi? Noti za Zaire na Matumizi Yetu Dzaleka

Wahenga walisema akiba haiozi. Nyumbani kwetu Dzaleka methali hiyo haitajwi. Mama akipata kwacha asubuhi, kufikia jioni zimeshageuka maharage, sabuni au kitenge cha kufungia sandukuni. Soda hanunui, nguo isiyohitajika hanunui, lakini noti nazo haziweki. Kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni tabia yake tu. Insha hii inaeleza kwa nini sasa naiona kuwa ni historia.

Mama alikulia Uvira, katika nchi iliyoitwa Zaire. Desemba 1979, serikali ya Mobutu ilitangaza kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitatumika tena. Watu walipewa siku chache za kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa kikomo. Babu, aliyekuwa akificha pesa zake ndani ya godoro, alibaki na karatasi. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja ilikuwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 faranga ya Kongo ikachukua nafasi yake, faranga moja kwa zaire mpya 100,000. Kwa hiyo, kabla ya kutimiza miaka thelathini, mama alikuwa ameshuhudia pesa zikifa mara tatu. Alijifunza kubana matumizi, na kile kilichobaki kukigeuza kitu cha kushikika.

Somo hilo alilibeba hadi Malawi, katika kambi iliyofunguliwa mwaka 1994 wilayani Dowa, mahali palipokuwa gereza. Mimi nililirithi bila kufundishwa. Malipo yangu ya kwanza ya kutengeneza simu niliyanunulia mabati, ingawa sikuwa na nyumba ya kuezeka.

Mwaka 2023 ulilipima somo hilo mara mbili. Novemba, kwacha ilishushwa thamani: dola iliyouzwa kwa kwacha 1,180 hivi ikafika 1,700. Aliyekuwa na noti alipoteza. Mwenye gunia la sukari alipona. Mama hakushangaa. Lakini miezi michache kabla ya hapo, serikali, ambayo wizara zake ziko Capital Hill, Lilongwe, ilikuwa imewaamuru wakimbizi waishio nje ya kambi warudi Dzaleka. Wenye maduka mjini walilazimika kuondoka na kile walichoweza kubeba. Kwao, bidhaa zilizojaa rafuni ndizo zilizopotea, na noti mfukoni ndiyo iliyofika nao.

Hapo nilielewa kwamba ubanaji matumizi tunaourithi ni jibu la swali la wakati fulani. Wazazi hutuachia jibu, mara nyingi bila kutusimulia swali lenyewe. Tusipoijua historia yao, tutawaita wabahili, au tutawaiga hata pale mazingira yanapokuwa mengine.

Mwaka jana niliuza yale mabati nikalipa karo ya kozi. Mama alinyamaza kwa muda, kisha akauliza: “Mwanangu, na hicho cheti, hakuna atakayekuja kukifuta?”

Nilimjibu kwamba nitakachojifunza hakifutiki. Bado sijui kama cheti chenyewe kitapokelewa nje ya lango la kambi. Ila safari hii swali la mama nimelisikia, na najua lilianzia Uvira, Desemba 1979.