Kufuli na Baraza



Majira ya joto yaliyopita tulipoteza ufunguo wa mnyororo wa pikipiki yetu. Tuliutafuta kwenye mifuko ya makoti, chini ya viti vya gari, hata ndani ya friji, maana mtu akishapita miaka hamsini huanza kuweka vitu mahali pasipo pake. Hatukuuona. Pikipiki yenyewe ilikuwa imefungwa kwenye nguzo ya chuma katika maegesho ya apatimenti zetu hapa Silver Spring, Maryland, nasi tulikuwa tunaihitaji Jumatatu kwa kwendea kazini. Basi Jumamosi asubuhi tukaazima grainda ya betri kwa fundi mmoja tunayefahamiana naye, tukavaa miwani ya kazi, tukaanza kuukata mnyororo wetu wenyewe.

Mnyororo ule tuliuchagua kwa makini, kama inavyotarajiwa kwa mtu aliyesomea uhandisi. Ulikuwa wa chuma kilichokomazwa, na pete zake zilikuwa na unene wa milimita 12. Grainda iliumaliza kwa muda usiozidi dakika tatu. Cheche ziliruka na kelele zikajaa uwanja mzima. Katika dakika hizo watu watatu walituona. Wa kwanza alitusalimia, akaenda zake. Wa pili hakuinua macho kutoka kwenye simu yake. Wa tatu, mama mmoja, alifungua dirisha akatuomba tufanye haraka kwa sababu mtoto wake amelala. Hakuna hata mmoja aliyeuliza pikipiki ile ni ya nani.

Mama watoto alituambia tumshukuru Mungu kwamba hakuna aliyepiga simu polisi, kwani mtu mweusi mwenye grainda mkononi anaweza kuulizwa maswali kwa namna asiyoipenda. Hoja yake ina uzito, na tutairudia. Lakini sisi tulibaki na swali jingine. Ikiwa dakika tatu zinatosha kuumaliza mnyororo tulioulipia pesa nyingi, je, kufuli lina kazi gani?

Swali hili si geni. Liliwahi kuzua kishindo London mwaka 1851, wakati wa Maonyesho Makuu yaliyokusanya mashine na bidhaa kutoka pande zote za dunia. Waingereza wakati huo walijivunia makufuli mawili. La kwanza lilikuwa la Chubb, lililobuniwa mwaka 1818, ambalo mtu akijaribu kulichokonoa hujikaza na hivyo kumjulisha mwenye mali kwamba limeguswa. La pili lilikuwa la Bramah, ambalo tangu mwaka 1790 liliwekwa kwenye dirisha la duka mtaa wa Piccadilly, pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200 kwa yeyote atakayelifungua bila ufunguo. Kwa zaidi ya miaka 60 zawadi ile haikupata mwenyewe.

Ndipo akaja fundi wa Kimarekani, Alfred Charles Hobbs. Kufuli la Chubb alilifungua kwa muda wa dakika 25 hivi. La Bramah lilimchukua saa 51 za kazi, zilizogawanyika katika siku 16, lakini nalo likafunguka, naye akapewa gini zake 200. Wako waliomlaumu kwamba amewafundisha wezi. Hoja ya Hobbs ilikuwa kwamba wezi wanaijua kazi yao kuliko mtu yeyote, na asiyejua udhaifu wa kufuli ni yule mwenye mali peke yake.

Sisi tunaona kisa hiki kina somo la pili. Kufuli la Bramah lilishindwa, lakini ni mwizi gani atakayeachwa mlangoni kwa watu kwa muda wa saa 51? Kwa hiyo kufuli halipimwi kwa kuuliza kama litafunguka au halitafunguka. Hupimwa kwa muda. Hapa Marekani hata sefu za kuhifadhia fedha hupewa madaraja kwa hesabu ya dakika: sefu ya daraja la TL-15 ni ile iliyostahimili zana za wajuzi kwa dakika 15, na ya TL-30 kwa dakika 30. Hakuna daraja la milele.

Historia ya pikipiki inatuonyesha jambo hilo hilo. Gottlieb Daimler na mwenzake Wilhelm Maybach walipounda chombo chao cha magurudumu mawili huko Ujerumani mwaka 1885, fremu yake ilikuwa ya mbao na mwizi hakuwa miongoni mwa wasiwasi wao. Pikipiki nyingi za mwanzo hazikuwa na ufunguo wa kuwashia, na aliyejua kuipiga teke aliweza kuondoka nayo. Baadaye likaja kufuli la usukani, ambalo huuzuia usukani usinyooke. Ni zuri kwa kumzuia mtoto mtundu, lakini wanaume watatu wenye vani hawahitaji kuinyoosha pikipiki. Huinyanyua tu kama gunia la mchele.

Mwaka 1969 kampuni ya Honda ilitoa CB750, pikipiki ya kwanza kutengenezwa kwa wingi ikiwa na breki ya diski kwenye gurudumu la mbele. Diski ilikusudiwa kusimamisha pikipiki, lakini matundu yake yakawapa watu wazo la kufuli dogo linaloenea kiganjani. Kufuli hilo lina hatari yake: mwenyewe akilisahau, akawasha na kuondoka, pikipiki humwangusha kabla hajamaliza nusu duara. Wengi wetu tuna kovu la ushahidi.

Mwaka 2004 ikaja aibu ya makufuli yenye umbo la herufi U, yale yaliyotumia ufunguo wa mviringo na yaliyopendwa sana na waendesha baiskeli na pikipiki. Iligundulika kwamba mengi kati yao yanafunguka kwa kusukuma na kuzungusha mwili wa plastiki wa kalamu ya kawaida. Kampuni ya Kryptonite ililazimika kuwabadilishia wateja wake makufuli. Kisha, katika miaka hiyo hiyo ya 2000, betri za lithiamu zikaingia kwenye zana za mafundi. Grainda iliyohitaji waya wa umeme sasa hubebwa kwenye begi la mgongoni. Mkasi wa kukatia vyuma haukuweza kuuuma mnyororo wetu wa milimita 12. Grainda haijali.

Kumbe tangu Hobbs hadi leo kufuli humchelewesha mwizi tu, kwa saa au kwa dakika. Swali la maana basi ni hili: katika dakika hizo mwizi anapohangaika, nani yuko pale?

Kwetu pwani jibu lilijengwa kwa mawe. Utazame mlango wa nyumba ya zamani Mji Mkongwe wa Unguja, au Lamu. Una mbao nzito zenye nakshi, na katikati unasimama mfaa. Mwenye nyumba akitoka hupachika mnyororo kwenye tumbuu, kisha hutia kufuli. Kwa macho ya kihandisi, mnyororo ule na tumbuu ile si kitu mbele ya mtu mwenye mtaimbo. Lakini nje ya mlango huo huo pana baraza, benchi la mawe lililoshikamana na ukuta. Hapo wazee hukaa baada ya sala ya alasiri, hapo kahawa hunywewa na habari za mtaa hupokelewa. Mwizi kabla ya kuifikia tumbuu ingembidi aitikie salamu, aulizwe habari za nyumbani, na aeleze yeye ni mtoto wa nani. Mnyororo ulihitaji kustahimili kwa muda wa salamu moja tu.

Ndugu zetu wa bodaboda wamelihifadhi jambo hili bila kulisomea. Kazi yao ilianza kwa baiskeli mpakani mwa Kenya na Uganda katika miaka ya 1960, na jina lenyewe limetokana na mpaka. Kenya ilipoondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zenye injini chini ya cc 250 mwaka 2008, pikipiki zikamiminika mitaani. Leo dereva akitaka kunywa chai huiacha pikipiki yake kijiweni, au stejini kama wanavyosema Wakenya, katikati ya wenzake. Mgeni akiigusa tu, huulizwa.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Macho hayo hayo ya kijiweni yamewahi kugeuka moto. Watu wamepigwa na kuchomwa kwa kushukiwa tu, na wengine hawakuiba kitu. Hapa ndipo hoja ya mama watoto inaporudi. Jirani anayeuliza ni ulinzi, lakini jirani anayehukumu kabla ya kuuliza ni hatari nyingine, iwe amebeba tairi na kiberiti kule kwetu au simu ya polisi huku ugenini. Baraza tunalolitaka ni la kuulizana, tena kwa salamu kwanza.

Na huku ugenini tuko wapi? Eneo letu la Washington lina mamlaka tatu zilizobanana: D.C. yenyewe, Maryland na Virginia. Pikipiki ikiibwa mjini usiku, kabla hujaamka imevuka mto Potomac au imeingia Prince George's. Bunge la Marekani lililiona tatizo hili zamani. Mwaka 1919 lilipitisha sheria maarufu kwa jina la mbunge Leonidas Dyer wa Missouri, iliyofanya kuvusha chombo cha wizi kutoka jimbo moja hadi jingine kuwa kosa la serikali kuu, na pikipiki ilitajwa humo kwa jina lake. Kuanzia magari na pikipiki za mwaka 1981, kila chombo kikapewa namba ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 17. Sheria hizo ni daftari, na wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Methali hiyo tuliikumbuka kwa uchungu. Kijana mmoja wa jamii yetu alikuwa akisambaza vyakula mjini D.C. kwa mopedi, na kwa pesa hiyo alikuwa akimlipia mdogo wake ada ya shule huko Tanga. Asubuhi moja alitupigia simu.

"Shikamoo mzee. Wameichukua."

"Marahaba. Uliifunga?"

"Niliifunga, mzee. Kufuli wameliacha pale pale, vipande viwili."

"Namba yake unayo? Na kadi?"

Akanyamaza. Mopedi ile aliinunua kwa pesa taslimu kutoka kwa mtu aliyekuwa anahama, bila hati na bila usajili. Polisi walipomwuliza namba hakuwa na la kujibu, na hata kama ingeokotwa kesho yake asingeweza kuthibitisha kuwa ni yake. Tulichanga, na ada ikaenda, lakini ilichelewa muhula mzima. Hakuwa peke yake katika kuibiwa: mwaka 2023 D.C. iliandikisha wizi wa vyombo vya moto takriban 6,800, ongezeko la zaidi ya asilimia 80 kwa mwaka mmoja. Wala hakuwa peke yake katika kukosa karatasi, kwani mwaka 2024 polisi wa D.C. walianzisha operesheni maalumu dhidi ya mopedi zisizosajiliwa, wakazikamata nyingi.

Novemba 2023 serikali ya D.C. ilitangaza kuwagawia bure wakazi wa maeneo yaliyoathirika zaidi vifaa vidogo vya kufuatilia gari lililoibwa. Ni jambo jema. Lakini kifaa hicho hukuambia mali yako imekwenda wapi, nacho hakiulizi wanaoichukua ni nani. Na kikikuonyesha ilipo, tafadhali usiende mwenyewe. Waite polisi.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, ushauri wetu ni huu. Ifunge pikipiki kwenye kitu kisichong'oka, kwani pikipiki iliyofungwa peke yake hunyanyuliwa. Pitisha mnyororo kwenye fremu au gurudumu la nyuma, maana la mbele hufunguliwa kwa spana. Usiuache mnyororo ulale chini, kwa sababu ardhi humsaidia mwizi kuegemeza mkasi wake. Piga picha ya namba ya chesisi na ya hati, uziweke mahali mbali na pikipiki. Na ukishamaliza hayo yote, nenda ukabishe hodi kwa majirani.

Sisi tulibisha. Baada ya siku ile ya grainda tulipanda ghorofa ya pili kwa mzee mmoja kutoka El Salvador, ambaye kila jioni huketi kwenye kibaraza chake na redio ndogo. Tumeishi mkabala naye miaka minane bila kujua jina lake. Tukamwonyesha pikipiki yetu, naye akatuonyesha gari lake, tukanywa kahawa.

Wiki chache zilizopita tulirudi usiku kutoka msibani, tukiwa na kofia ngumu kichwani, tukainama kufungua mnyororo mpya ili tuisogeze pikipiki chini ya taa. Sauti ikatoka juu gizani, kwanza ikitusalimia, kisha ikiuliza sisi ni nani na tunaitaka nini pikipiki ile.

Tulivua kofia, tukajitambulisha. Usiku ule tulilala vizuri.

Wasalaam.