Majina Kamili na Viungo vya Ndani katika Tovuti: Mfano wa Kilwa

Neno "Kilwa" pekee halimtoshi mwananchi anayetafuta taarifa mtandaoni, kwa kuwa pwani ya Mkoa wa Lindi ina Kilwa tatu. Kilwa Masoko ni makao makuu ya wilaya na ndiko vyombo vya kwenda kisiwani huondokea. Kilwa Kivinje ni mji mkongwe ulio kaskazini yake. Kilwa Kisiwani ndiyo yenye Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Ukurasa wenye kichwa "Kilwa" tupu waweza kumpeleka mgeni Kivinje ilhali chombo kiko Masoko.

Kiungo cha ndani nacho hutakiwa kutaja kinachofuata. "Usafiri wa kwenda Kilwa Kisiwani" humwongoza msomaji na Google pia. "Bofya hapa" haimwelezi yeyote chochote. Kurundika jina hilo mara ishirini katika aya moja ni kazi bure, na Google hulihesabu tendo hilo kuwa hila.

Kurasa za zamani huhitaji uangalizi zaidi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, Urithi wa Dunia tangu 1981, yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa 2014. Tangazo la mwaka 2005 lisilo na kiungo cha kuelekea taarifa hiyo ya pili bado humwambia msomaji wa leo kuwa magofu yamo hatarini.